Uzuri wa Mkakasi: Mwongozo Kamili wa Kusafisha na Kuandaa Maganda ya Risasi za Raifoli kwa Kujazwa Upya Nyumbani

Ukifyatua risasi ya .308 Winchester, vitu vitatu kati ya vinne vinavyoiunda vinakwisha papo hapo: fataki, yaani kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, imelipuka, baruti imeungua, na kichwa cha risasi kimekwenda zake. Kinachobaki ni ganda la shaba, na kwa kawaida ndilo lililogharimu kuliko vyote. Ndiyo maana hapa Wisconsin, ninakoishi, utawaona watu wazima wenye mvi zao wameinama kwenye viwanja vya kulenga shabaha wakiokota maganda, kama watoto wanaookota embe baada ya upepo.

Mtu anayeanza kazi hii swali lake la kwanza huwa ni moja: nitayang'arishaje? Nami jibu langu humvunja moyo kidogo. Kung'arisha ndiyo sehemu nyepesi, na ndiyo yenye uzito mdogo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ganda linaweza kumetameta kama pete ya bibi harusi, na kwa ndani lina ufa unaosubiri tu safari moja zaidi. Kwa hiyo humu nitaeleza kusafisha, ndiyo, lakini muda mwingi nitautumia kwenye kulichunguza ganda, kulipima na kulikataa.

Nitaishia pale ganda linapokuwa tayari kutiwa fataki. Kipimo cha baruti utakitoa kwenye kitabu cha jedwali kinachotolewa na watengenezaji wa baruti na vichwa vya risasi. Usikichukue kwangu, wala kwa mtu yeyote wa mtandaoni.

Kwanza, sheria

Marekani, mtu anayejaza risasi zake kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu. Akianza kutengeneza ili auze, anahitaji. Majimbo na miji ina masharti yake juu ya hapo, hasa kuhusu kiasi cha baruti kinachoruhusiwa kuwekwa ndani ya nyumba. Nyumbani kwetu Afrika Mashariki mambo ni tofauti kabisa: Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha Sura ya 114, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa kubwa kote kuwili. Kama uko huko, soma kwa kujua tu. Na wewe uliyeko ughaibuni, usitie maganda matupu kwenye begi kama zawadi ya kumwonyesha mjomba. Maelezo utakayoyatoa uwanja wa ndege hayatakuwa mafupi.

Majina tutakayotumia

Ganda lina kitako, ambako kiwanda kimegonga jina lake na aina ya risasi. Katikati ya kitako kuna shimo la fataki, na chini ya shimo hilo kuna tundu dogo la kupitisha moto, kipenyo chake kama milimita 2. Kutoka kitakoni kinapanda kiwiliwili, kisha bega, kisha shingo, na mwisho ni mdomo. Shaba yake ni ile ya manjano, asilimia 70 ni shaba nyekundu na asilimia 30 ni zinki. Kitako ni kinene na kigumu, shingo ni nyembamba na laini. Tofauti hiyo iliwekwa kiwandani kwa makusudi. Ikumbuke tutakapofika kwenye moto.

Kuokota na kutenganisha

Uliza kwanza kama kiwanja kinaruhusu kuokota. Vingine huhesabu maganda yaliyoanguka kuwa mali yao. Ukishafika nyumbani, yamwage kwenye sinia na uyapitie moja moja kwa mkono. Hakikisha hakuna risasi nzima iliyojificha humo. Hilo halina mjadala: risasi nzima haiingii kwenye pipa, wala kwenye oveni, wala karibu na moto.

Soma kitako cha kila ganda. Watu huruka hatua hii kwa sababu maganda ya .308 "yanajulikana". Hayajulikani. Winchester walipoitoa .308 mwaka 1952, ndani ya miaka michache ilizaa watoto: .243 Winchester ilikuja 1955, na baadaye 7mm-08. Zote zina kitako kilekile na kiwiliwili kilekile, ila shingo ndiyo tofauti. Zikiwa chafu kwenye ndoo moja, jicho lililochoka linadanganyika.

Kisha tenganisha kwa kiwanda. Maganda ya kijeshi ya 7.62×51, kama yale ya kiwanda cha Lake City kilichoko Missouri, yenye herufi LC, kwa kawaida yana kuta nene kuliko ya kiraia. Kuta nene maana yake nafasi ndogo ndani, na nafasi ndogo kwa baruti ileile maana yake shinikizo kubwa zaidi. Kuyachanganya ni kucheza.

Pitisha sumaku juu ya rundo. Kinachonasa ni chuma kilichopakwa rangi au madini mengine, kitupe. Halafu chungulia ndani kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati, ni mtindo wa Boxer, unaojazika kirahisi. Ukiona matundu mawili madogo pembeni, ni mtindo wa Berdan, na pini ya kawaida ya kung'olea fataki itavunjika humo. Kichekesho cha historia ni kwamba Edward Boxer alikuwa Mwingereza na Hiram Berdan Mmarekani, lakini Wamarekani wamekumbatia mtindo wa Boxer, na wa Berdan ukaenea zaidi Ulaya na kwenye majeshi mengi.

Ukaguzi wa kwanza, kabla hujatia maji

Maganda yaliyopasuka shingo yanaonekana wazi, na ukiyatikisa pamoja hata mlio wake ni mwingine, kama sarafu ya bandia. Tupa. Yaliyobonyea mdomo kidogo yanarudi. Yaliyokanyagwa na gari hayarudi.

Hatari yenyewe haionekani kwa nje. Kila risasi inapolipuka ganda linatanuka, na kila unapolikandamiza lirudi umbo lake shaba kidogo inatambaa kuelekea shingoni. Inatoka wapi? Inatoka sehemu ya chini ya kiwiliwili, kama sentimita moja juu ya kitako, pale ukuta mwembamba unapokutana na kitako kinene. Mahali hapo panakonda polepole. Siku moja ganda linakatika pingili mbili ndani ya bunduki, kitako kinatoka, kiwiliwili kinabaki, na gesi yenye shinikizo kubwa mno inatafuta njia ya kurudi kwako. Shinikizo la juu linalokubalika kwa .308 ni paundi 62,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari lako lina kama 35.

Kifaa cha kugundua ukondefu huo ni cha bure. Chukua kibanio cha karatasi cha waya, kinyooshe, kata ncha iwe kali kwa tupa, kisha ikunje milimita mbili za mwisho ziwe kama kucha. Iingize mpaka chini, igandamize kwenye ukuta wa ndani, uivute juu taratibu. Ukuta mzima unateleza. Wenye ugonjwa unainasa kucha, kama unavyosikia shimo la jino kwa ulimi. Kwa nje wakati mwingine utaona mstari mwangavu umezunguka ganda mahali hapohapo. Ukiona mstari na kucha ikanasa, usibishane, tupa. Na ganda moja likionyesha hivyo, chunguza yote yaliyofyatuliwa nalo mara sawa.

Mstari huo usiuchanganye na uvimbe mdogo wa kawaida mahali ganda linapotoka nje ya kuta za chemba, yaani nafasi ya bunduki ambamo risasi hukaa. Uvimbe unauona kwa jicho lakini kucha ndani hainasi kitu.

Kung'oa fataki na suala la sumu

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kile kinachotoka bundukini na kwa ile metali nzito yenye sumu. Kwa kazi hii ni onyo lililokwishaandikwa kwenye kamusi. Fataki nyingi zina mchanganyiko wenye risasi ya metali, na masizi ya ndani ya ganda yanabeba vumbi lake. Halina harufu, na madhara yake huwapata watoto na wajawazito zaidi.

Basi kanuni ni hizi. Usifanye kazi jikoni. Usitumie sufuria, karai wala oveni ya chakula. Vaa glovu nyembamba, usile wala usivute sigara ukiwa kazini, na nguo za kazi zisilale kwenye kochi. Ukimaliza nawa kwa maji ya baridi na sabuni kabla ya kumshika mtoto. Kama unatumia njia kavu, chekecha nje ukiwa umevaa barakoa ya vumbi laini.

Mimi hung'oa fataki kabla ya kuosha, kwa kalibu (kifaa cha chuma kinachofungwa kwenye mashine ya kukandamiza) yenye pini pekee isiyogusa kuta za ganda, kwa sababu kuingiza ganda chafu kwenye kalibu ya umbo ni kuipaka msasa. Faida ya pili ni kwamba shimo la fataki linaoshwa na maji yanapenya. Kuna wanaoosha kwanza ndipo wang'oe, nao hawajakosea, ila hujikuta na shimo chafu. Fataki ambayo haijalipuka usiing'oe kwa nguvu. Ganda la namna hiyo liweke kando tangu mwanzo.

Kuosha

Njia ziko tatu, na utachagua kwa mfuko wako.

Ya kwanza ni ndoo. Maji ya moto lita 4, kijiko kimoja cha chakula cha asidi ya sitriki, yaani ule unga mweupe wenye ukali wa ndimu unaouzwa kwenye maduka ya Wahindi, na matone machache ya sabuni ya vyombo. Tumbukiza maganda, koroga na kutikisa dakika 10 hadi 15, mwaga, suuza mara tatu. Hayatang'aa kama kioo lakini yatakuwa safi, na safi ndiyo tunayoitaka. Bibi yangu Tanga alisugua sinia zake za shaba kwa ukwaju kila Idi inapokaribia. Asidi ya tunda inakula kutu ya kijani na weusi, inaiacha shaba. Hakuna jipya hapa.

Ukizidisha asidi au muda, maganda yanageuka waridi. Ni kwamba zinki ya juu juu imeliwa, imebaki shaba nyekundu. Waridi hafifu ni la ngozi tu na haliharibu kitu, lakini ni dalili kwamba umeikosea dawa. Mara nyingine punguza.

Ya pili ni bakuli la mtetemo lenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa, au maganda ya kokwa za jozi yaliyosagwa kwa uchafu mgumu zaidi. Masaa mawili hadi manne, na maganda yanatoka na mng'ao wa upole. Kipande cha kitambaa kilichochakaa humo ndani kinadaka vumbi. Ubaya wake ni lile vumbi tulilolisema, na punje za gunzi zinazokwama kwenye tundu la moto.

Ya tatu, ninayoitumia, ni pipa la mzunguko lenye maji na pini ndogo za chuma cha pua. Kwa pipa la kawaida la nyumbani: pini paundi 5, ambazo ni kilo 2.3 hivi, maganda ya .308 yasiyozidi 150, maji ya kuyafunika, kijiko cha chai nusu cha asidi, kijiko kimoja cha sabuni. Saa moja na nusu inatosha. Nilipoanza nililiacha lizunguke usiku kucha nikidhani nazidisha uzuri. Asubuhi midomo yote ilikuwa imegongana mpaka imekunjuka kama ukingo wa kikombe cha bati, na ikabidi niikate yote. Pini husafisha hata ndani ya shimo la fataki, ila zina tabia ya kujibanza mbili mbili kwenye shingo au tundu la moto. Kagua kila ganda kwenye mwanga baada ya kusuuza. Sumaku itakusaidia kuzikusanya zilizotapakaa.

Maji ya kuoshea ni machafu kweli, meusi kama wino na yana risasi ndani. Usiyamwage kwenye bustani ya mchicha. Uliza wilaya yako inapokea wapi taka za sumu za nyumbani.

Na sasa jambo moja la kukaza macho: amonia. Dawa nyingi za kung'arisha shaba, na sabuni nyingi za vioo, zina amonia ndani. Zinang'arisha ajabu, na ndipo mkakasi unapokamilika, kwa sababu amonia huingia kwenye shaba iliyobeba mkazo na kuipasua kimyakimya. Jeshi la Uingereza lililijua hilo kwa gharama huko India: maganda yalihifadhiwa wakati wa masika karibu na mazizi ya farasi, na yakapasuka yenyewe ghalani bila kufyatuliwa. Ilichukua mpaka 1921 kuelezwa wazi kwamba mkosaji ni amonia itokanayo na mkojo wa wanyama. Soma lebo ya kila dawa kabla haijagusa ganda lako.

Kukausha

Suuza ya mwisho iwe kwa maji ya moto, maana yanakauka haraka bila kuacha madoa. Yageuze midomo chini kwenye taulo, yakunguze maji, kisha yaache juani au mbele ya feni siku nzima. Wenye haraka hutumia kikaushio cha matunda au kioveni kidogo cha kazi hiyo tu, kisichozidi nyuzi 90 za selsiasi. Unyevu hupenda kujificha ndani karibu na tundu la moto, na baruti hailewani na unyevu.

Moto kwa shingo

Mgeni asianze na hatua hii. Shaba hukakamaa kila inapokunjwa na kukunjuliwa, na baada ya mizunguko minne mitano shingo inaanza kupasuka. Moto wa sekunde chache unailegeza tena. Ganda linazungushwa mbele ya tochi ya gesi, ulimi wa moto ukigusa makutano ya shingo na bega, kitako kikiwa kimeshikwa kwenye soketi ya chuma. Lengo ni kama nyuzi 400 za selsiasi, na kuna rangi maalumu za kupaka zinazoyeyuka joto likifika. Ukifanyia gizani, toa ganda mara tu unapoona wekundu hafifu sana. Ukiona linawaka kama kaa la mkaa, umeliharibu.

Kosa ambalo halina msamaha ni joto kufika kitakoni. Kitako kigumu ndicho kinachozuia shinikizo. Kikilegea, hakuna njia ya nyumbani ya kukirudishia ugumu, na kwa macho hutajua. Wengine hulitupa ganda kwenye maji papo hapo. Halidhuru wala halikazi, maana shaba si chuma cha pua cha kisu. Linazuia tu joto lisitambae chini.

Mafuta na kurudisha umbo

Hapa ndipo mashine ya kukandamiza inapoingia, na kalibu ya umbo kamili ya .308. Hornady, RCBS na Lee wote wanaziuza, na kwa mwindaji wa kawaida tofauti zao ni ndogo kuliko kelele zake.

Ganda kavu likiingizwa kwenye kalibu linakwama, tena linakwama hasa. Nililikwamisha la tatu katika maisha yangu. Niliona uvivu wa kupaka mafuta, nikavuta mkono wa mashine, ukingo wa kitako ukakatika, na kiwiliwili kikabaki ndani kama mzizi wa jino. Kulitoa ilibidi nitoboe kitako kwa drili, nikate nyuzi za skrubu, nivute kwa bolti. Mchana mzima uliisha hivyo.

Dawa nzuri ni lanolini, mafuta ya manyoya ya kondoo, iliyoyeyushwa kwenye spiriti kali ya asilimia 99: sehemu 1 kwa 12. Nyunyiza maganda kwenye mfuko, yabingirishe, kisha subiri dakika kumi spiriti iruke yote. Weka mafuta mepesi kwenye kiwiliwili na ndani ya mdomo kidogo. Begani yasijae, kwa sababu mafuta hayabanwi. Yatachimba vishimo kwenye bega. Vishimo vidogo si hatari, vinatoweka ukifyatua, lakini ni alama ya mkono mzito.

Sasa linakuja suala ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha kazi yote: urudishe bega nyuma kiasi gani? Karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi la kalibu kwa kawaida inakwambia uishushe mpaka iguse kishikio cha ganda, kisha uongeze robo ya mzunguko. Ukifuata hivyo, ganda litaingia kwenye karibu kila bunduki ya .308 duniani. Lakini huenda bega limesukumwa nyuma kupita mahitaji ya bunduki yako, na kila mfyatuo ganda litanyooka kuziba pengo hilo, shaba ikitoka palepale tulipochunguza kwa kucha ya waya. Watu huua maganda yao kwa mikono yao hivi, halafu wanalaumu kiwanda.

Unachotaka kwa bunduki ya komeo, ile unayoifunga na kuifungua kwa mkono, ni bega lirudi kama inchi 0.002, yaani milimita 0.05. Nyuzi za kalibu za kawaida ni 14 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja mzima unashuka milimita 1.8. Ukiufikiria kama uso wa saa wenye dakika 60, dakika moja ni milimita 0.03. Anza kalibu ikiwa juu. Toa pini ya kugongea na kitema-ganda kwenye komeo la bunduki yako ili lisikumwe na springi yoyote, tia ganda lililofyatuliwa na bunduki hiyohiyo, funga. Kama mkono wa komeo unakwama katikati, rudi ushushe kalibu dakika mbili, kandamiza, jaribu. Endelea hivyo mpaka mkono uanguke wenyewe kwa uzito wake. Hapo kaza kokwa ya kufungia na usiiguse tena. Bunduki za kujijazia zenyewe zinataka nafasi kubwa kidogo, na maganda ya kuokota, ambayo hujui yalipigwa na bunduki gani, kandamiza kwa ukamilifu mara ya kwanza.

Ukimaliza, yafute au uyaoshe tena dakika chache kuondoa mafuta yote. Ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba, na mzigo wote unaelemea komeo.

Kupima na kukata urefu

Pima baada ya kukandamiza, kamwe si kabla, maana kukandamiza kunarefusha. Kwa venia ya dijitali, kile kipimo cha kubana, .308 isizidi inchi 2.015, ambazo ni milimita 51.18. Ikizidi, kata mpaka 2.005, milimita 50.93. Ganda refu mno linausokomeza mdomo wake mwanzoni mwa mtutu, unabanwa pale ukikishika kichwa cha risasi, na shinikizo linapanda ghafla. Chombo rahisi cha kukatia ni kile chenye kipini na pini ya urefu maalumu, unakizungusha kwa mkono au kwa drili.

Baada ya kukata, mdomo unakuwa na kingo kali. Pitisha kisu cha koni ndani na nje, mizunguko miwili mitatu myepesi. Unaondoa ukali tu. Ukichonga mpaka mdomo uwe kama wembe umekwenda mbali.

Shimo la fataki

Likiwa na masizi magumu, lisugue kwa kiburashi kidogo cha chuma. Maganda ya kijeshi yana jambo la ziada: kiwanda kimebana kingo za shimo kuizunguka fataki ili isitoke, na utauona mduara uliogongwa. Fataki mpya haitaingia mpaka uondoe ubano huo, kwa kuukata au kuutanua kwa chombo maalumu. Kazi ya mara moja tu katika maisha ya ganda. Usikate sana.

Kipimo cha mwisho utakipata siku ya kutia fataki. Fataki inapaswa kuingia kwa ukinzani, ikae sawa na kitako au chini yake kidogo sana. Ikiteleza kama kidole kwenye pete pana, shimo limetanuka. Hilo hutokea kwa ganda lililopigwa kwa shinikizo kubwa mno, na mara nyingi utaona pia alama ya mviringo inayong'aa kitakoni, pale kitema-ganda kilipojichora. Ganda hilo limestaafu, hata kama ndilo linalong'aa kuliko yote mezani.

Kuhifadhi na kutupa

Yaweke hamsini hamsini kwenye kopo lenye mfuniko, na karatasi ndani: kiwanda, yamefyatuliwa mara ngapi, mara ya mwisho kupigwa moto ni lini. Kopo likae mbali na banda la kuku, mbolea na choo cha paka, kwa sababu ya ileile amonia. Msimu wetu wa paa kwa bunduki ni siku tisa, unaanza Jumamosi ya kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Novemba, kwa hiyo mimi hufanya haya yote mwezi wa sita, wakati karakana ina joto na sina haraka.

Yaliyokataliwa yabane mdomo kwa koleo kabla hayajaingia kwenye ndoo ya chuma chakavu. Mwaka juzi sikufanya hivyo. Mwanangu akaja kunisaidia, akaona maganda mazuri yametupwa, akayarudisha koponi kwa nia njema kabisa, na ikabidi niyapitie yote mia na themanini upya kwa ile kucha ya waya.